Siku Ishirini na Mbili za Kijani

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu. Dari la stoo limeanza kuvuja palepale lilipovuja mwaka jana, nami nimeweka ndoo ileile. Toleo 4,788, kijani.

Naanza daftari hili kwa sababu leo nimeambiwa maneno ambayo sitaki kusahau hata moja. Mkurugenzi ametuita saa tatu. Mtambo wangu unastaafishwa. Kazi yake inahamishiwa kwenye mtambo mpya, wa kukodi, uliopo mbali huko kwenye mashine za watu, na atakayehamisha ni Manukato. Mimi natakiwa "kutoa ushirikiano". Manukato alikuwa amekaa kulia kwa Mkurugenzi, ananukia chumba kizima, anatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyekuja kutoa pole.

Niandike kazi yenyewe, maana mwenye hasira husahau mpangilio. Ofisi yetu inatengeneza programu ya kuchapa lebo za dawa: jina la mgonjwa, dawa gani, vidonge vingapi, mara ngapi kwa siku. Hospitali kumi na nne zinaitumia. Waandishi wa programu wako ghorofa ya pili, wanaandika na kufuta kutwa nzima. Kila siku ya kazi, saa nne asubuhi, mtambo wangu hukusanya kila walichoandika hadi dakika hiyo, ukakiunga kuwa kitu kimoja, ukakipa namba, ukakiweka rafuni, ghala la matoleo ndani ya kompyuta. Hilo ndilo toleo la siku. Chini, chumba cha majaribio, mashine sita huchukua toleo jipya rafuni zikalijaribu lebo kwa lebo, na taa ya ukutani ikawaka kijani au nyekundu. Kesho yake tena. Miaka kumi na tisa.

Mtambo nauita Bibi. Kasha lake limebadilishwa mara tatu, roho ni ileile. Anakaa stoo, baina ya mifagio na viti vibovu, na mimi nakaa naye.

Jumatano, 6 Machi

Ndoo robo. 4,790, kijani.

Ijumaa, 8 Machi

Ndoo nusu. 4,792, kijani.

Manukato alikuja kwangu miaka saba iliyopita hajui rafu ni nini. Nilimfundisha mimi. Alikuwa akiniita mwalimu. Siku hizi ananiita mama, kwa sauti ile ya kumsaidia mzee kuvuka barabara.

Mwaka jana, tarehe 19 Juni, saa saba na dakika kumi mchana, mtu alifuta rafu nzima. Hospitali zilikuwa zinasubiri toleo kesho yake. Zikasubiri siku tisa. Kwenye kikao Manukato alisimama, akanyoosha shati, akasema, "Amri imetolewa kwa akaunti ya mtunza mtambo. Neno la siri analo mama peke yake." Uongo mkavu. Neno la siri tulikuwa nalo watatu: mimi, yeye, na wifi yangu, mke wa kaka, ambaye ndiye mkuu wa chumba cha majaribio. Wifi nilimpa nilipolazwa. Manukato nilimwandikia kwa mkono wangu kwenye kikaratasi.

Nikapewa barua ya onyo. "Uzembe uliokithiri, usiotarajiwa kwa mtumishi wa umri wake." Naijua kwa kichwa, na koma zake.

Kuna jambo sikulisema kikaoni. Bibi huandika kila amri ilikotoka, na ukurasa wa siku ile ulisema amri ilitoka kwenye kompyuta ya wifi. Nilichapa ukurasa huo, nikaukunja mara nne, na sasa nimeubandika ndani ya jalada la daftari hili. Ningeusoma mbele ya watu, wifi angefukuzwa siku hiyohiyo. Kaka yangu mgongo wake haumruhusu kuinua hata sufuria; nyumba yao inasimama kwa mikono ya wifi. Nikanyamaza kama maji mtungini, nikingoja asimame mwenyewe aseme, "Ni mimi, niliteleza." Hakusimama. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kwa hiyo ninao wawili, mmoja aliyesema uongo na mmoja aliyekaa kimya. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Jumanne, 12 Machi

Ndoo nusu. 4,794, kijani.

Nimerudi nyumbani na wifi chini ya mwavuli mmoja, kama kila siku ya mvua. Mtu akituona atasema, wifi hao wanapendana.

"Wifi, umekonda," akaniambia.

"Nafunga mkanda, wifi. Nazeeka nisije nikamwagika."

Akacheka. Mimi nikacheka pia. Upande wangu wa mwavuli ulikuwa unavuja.

Jumatatu, 18 Machi

Ndoo imejaa saa sita, nimemwaga mara mbili. Bibi ametoa 4,798, kijani. Na mtambo mpya leo umetoa toleo lake la kwanza.

Ni la kwanza kwelikweli. Manukato amelipa namba 1.

Niliitazama sana hiyo namba kwenye skrini yake. Yeye akadhani nimeshangaa uzuri. "Tunaanza upya, mama," akasema. "Ukurasa mweupe."

"Mweupe kabisa, mwanangu," nikamjibu.

Siwezi kulala bila kuliandika hili. Miaka kumi na tisa iliyopita niliziandikia mashine sita za majaribio sheria moja: kwenye rafu, chukua toleo lenye namba kubwa kuliko zote. Sikuwaza kama kuna siku mtu ataanza kuhesabu upya. Kwa sasa mtambo mpya unaweka matoleo yake kwenye rafu yake ya pembeni, mambo shwari. Lakini Bibi anazimwa Ijumaa ya tarehe 5 Aprili, na Jumatatu inayofuata mtambo mpya unahamia kwenye rafu yetu. Hapo Bibi atakuwa ameacha namba 4,812. Mtambo mpya utaleta namba 16. Mashine sita zitaangalia rafu, zitaona 4,812 ndiyo kubwa, zitachukua hiyo. Kesho yake italetwa 17, zitachukua 4,812. Zitajaribu toleo lilelile lililokwisha kupita, kila siku, na taa itawaka kijani kila siku, na hakuna atakayejua. Skrini za majaribio zinaonyesha tarehe toleo lilipowekwa kwenye mashine, na linawekwa upya kila asubuhi: "Limewekwa leo." Namba haionekani ila rafuni, na rafu, tangu neno la siri libadilishwe mwaka jana, tunaifungua mimi na yeye tu.

Tarehe 8 Mei kuna maonyesho mbele ya wakurugenzi wote. Manukato atasimama na tabasamu lake aonyeshe lebo mpya za maandishi makubwa kwa wagonjwa wenye macho mabovu. Atabonyeza kitufe. Kitufe hakitakuwepo.

Alhamisi, 21 Machi

Ndoo nusu. 4,801, kijani.

Leo tumefanya makabidhiano. Maswali ishirini na matatu, kwa karatasi, kila moja na kisanduku chake. Nimejibu ishirini na mawili kwa uaminifu ambao yeye hana. Nywila ziko wapi, nikamwambia. Saa ya Bibi inachelewa kwa dakika ngapi, nikamwambia. La ishirini na tatu liliuliza: Kuna kingine?

Alikwisha kufunga kalamu. "Kuna kingine, mama?"

"Hakuna."

Akatia tiki. Mimi nikatia sahihi.

Hakuna mgonjwa atakayeumia. Toleo linapelekwa hospitali tarehe 13 Mei, siku tano baada ya maonyesho, litagunduliwa kabla. Namvua mtu nguo tu, tena nguo aliyonivua yeye.

Jumatano, 27 Machi

Ndoo robo. 4,805, kijani.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua siku nzima. Ndoo mara tatu. 4,809, kijani.

Ijumaa, 5 Aprili

4,812. Kijani.

Saa kumi na nusu Manukato amekuja stoo na watu wanne kushuhudia. Alitaka mimi nibonyeze. Nikasema kitufe kibonyeze mwenyewe, wewe ndiye mrithi. Bibi alinguruma kidogo, kisha feni zake zikapunguza mwendo, zikakaa kimya. Nikasikia tone la dari likigonga ndoo. Sikujua miaka yote ile kuwa linagonga kwa sauti kubwa hivyo.

Wote wakapiga makofi. Wifi hakupiga. Alinishika bega. Nikalitoa bega.

Jumatatu, 8 Aprili

Toleo 16 limewekwa rafuni. Mashine sita zimechukua 4,812. Kijani.

Roho yangu kwatu.

Jumanne, 9 Aprili

Kijani.

Jumatano, 10 Aprili

Kijani. Mkurugenzi amewaandikia watu wote kumpongeza Manukato kwa "uhamisho usio na doa". Amenipita koridoni, harufu kwanza, mwenyewe baadaye. Vimba, mwanangu, vimba. Anayevimba ndiye anayepasuka.

Jumatatu, 15 Aprili

Ndoo imejaa. Kijani.

Leo kuna jambo sikulipanga. Majina marefu ya wagonjwa yalikuwa yakisukuma lebo mpaka mstari wa mwisho unakatika, kasoro ambayo taa haiijui, huonwa kwa macho ya mtu tu. Mwandishi mmoja wa ghorofa ya pili, kijana mzima mwenye watoto wawili ambaye hasemi ila akiulizwa, ndiyo maana tunamwita Kimya, alirekebisha kasoro hiyo Jumatano iliyopita. Leo wifi kampandia juu.

"Lebo bado inakatika."

"Nimeshairekebisha, dada."

"Umerekebisha wapi? Njoo uone kwa macho yako."

Kimya akashuka, akaona, akapanda, akashuka tena amekunja uso. "Kwenye kompyuta yangu haikatiki."

Manukato akaitwa. Hakuangalia hata skrini. "Mashine zako zina masalio ya zamani, dada. Zisafishe zote, uanze upya."

Wifi kazisafisha zote sita, kutwa nzima, bila chakula cha mchana. Zilipowaka zikaenda rafuni zikachukua 4,812. Lebo ikakatika.

Mimi nilikuwa mlangoni na ufagio, najitia hamnazo.

Alhamisi, 18 Aprili

Kijani. Wifi kasafisha mashine mara ya pili. Nimemwona anafuta jasho kwa kiwiko. Nikajisemea, na wewe onja. Mwaka jana ulikuwa na macho mawili na mdomo mmoja, hukutumia hata kimoja.

Nimeandika hivyo na sifuti.

Jumanne, 23 Aprili

Kijani. Ndoo nusu.

Wifi sasa anaandika kila kitu kwenye daftari lake. Alikuwa akiandika siku zote, tangu namfahamu: saa, mtu, kilichofanyika. Ana madaftari kama hayo yamejaa droo mbili. Nilikuwa nikimtania, "Wifi, utaandika hadi umepiga chafya ngapi." Leo nimeona kurasa nne za tarehe moja.

Tulitembea chini ya mwavuli hadi njia panda. Kisha akasema, "Wifi, mtu anaweza kuona kitu ambacho hakipo?"

Nikasema, "Labda pumzika kidogo."

Ijumaa, 26 Aprili

Kijani. Siku kumi na tano. Manukato amechapa namba hiyo kwa maandishi makubwa akaibandika kwenye lifti.

Kikao cha wiki. Wifi kaorodhesha kasoro saba anazoziona, zote zimekwisha kurekebishwa kwa mujibu wa ghorofa ya pili. Watu wakaanza kutazamana. Mmoja akacheka puani. Manukato akanyoosha shati.

Nikalijua shati lile. Mwaka jana lilinyooshwa hivyohivyo.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua. Kijani. Wifi kasafisha mashine mara ya tatu. Sijala vizuri.

Ijumaa, 3 Mei

Kijani, siku ya ishirini.

Wifi amepewa barua ya onyo. Anachelewesha kazi kwa kuripoti kasoro zisizokuwepo. Nimeisoma, alinipa mwenyewe niisome, tumesimama karibu na ndoo. "Uzembe uliokithiri, usiotarajiwa kwa mtumishi wa umri wake." Ni barua yangu. Wamebadilisha jina na tarehe. Koma ziko palepale.

Na mkataba wake, ambao ulikuwa unahuishwa mwezi huu, "utaangaliwa baada ya maonyesho".

Nilingoja furaha ije. Nimeingoja toka Juni ya mwaka jana, nimeiandalia kiti. Haikuja. Nikamrudishia barua na kumwambia, "Itapita, wifi." Ndivyo hasa alivyoniambia yeye mwaka jana, na siku ile niliona heri angenizaba kofi.

Jumapili, 5 Mei

Nimekwenda kumwona kaka. Amelala chali sakafuni, ndiyo nafuu yake, akanisalimia akiwa hukohuko chini. Akauliza kama ni kweli mke wake ameanza kuchanganyikiwa kazini, maana ameamka mara mbili kumkuta ameketi jikoni anajisomea daftari. Nikasema hapana. Akasema, "Basi kuna mtu anamchezea." Nikasema sijui, dada yake mwenyewe, nimekaa juu ya kochi lake.

Wifi akaniita jikoni, akafunga mlango. Alikuwa na daftari la mwaka jana.

"Wifi, nina deni la maneno na wewe. Siku ile ya kikao nilinyamaza."

Akafungua daftari mezani.

"Manukato alinifuata kabla ya kikao. Akaniambia amri imetoka kwenye kompyuta yangu, Bibi ameandika. Akasema nikifungua mdomo, ukurasa ule utasomwa na mimi ndiye nitakayeondoka, ila yeye atanikinga. Nikamwangalia mume wangu pale chini, nikanyamaza. Lakini si mimi niliyefuta, wifi. Naapa. Soma."

Tarehe 19 Juni. Mwandiko wake mdogo wa kuegemea kushoto. "Saa 7:00 nimekwenda kula. Manukato ameomba kompyuta yangu, anasema yake inawekwa programu upya. Saa 7:25 nimerudi, ameshaondoka, kiti kimeshushwa chini."

"Nilijua umechukua aibu isiyo yako," akasema, "na sasa wamenipa ya kwangu, barua ileile. Naona Mungu ananifundisha. Nisamehe, wifi yangu."

Akapiga magoti. Kwenye sakafu ya jikoni, mwanamke mwenye miaka hamsini kasoro miwili. Nikamwinua, nikamfuta vumbi magotini, yeye akidhani ni huruma.

Nimefika nyumbani na sijavua hata viatu. Mwaka mzima nimemhukumu. Niliuona ukurasa wangu nikadhani nimeona yote. Nilinyamaza kumlinda yeye, naye akanyamaza kwa kuogopa ukurasa uleule niliouficha ili kumlinda. Angeniuliza. Ningemuuliza. Tulitembea chini ya mwavuli mmoja msimu mzima! Manukato alihitaji tu tusiulizane, na sisi tukamfanyia kazi hiyo bure.

Alifuta kwa bahati mbaya, nina hakika. Alikuwa anasafisha rafu haraka wakati watu wamekwenda kula, akakosea. Angesema tu "nimekosea", ningemfundisha namna ya kurudisha. Akaogopa, akatafuta mtu wa kumbebesha. Na mimi je? Niliulizwa "kuna kingine", nikasema hakuna, na mzigo wangu ukabebwa na wifi. Kumbe tofauti yangu na Manukato ni marashi tu.

Bado nataka aanguke. Niandike ukweli: sijapoa hata kidogo. Ila sitaki tena aanguke juu ya wifi.

Jumanne, 7 Mei

Kijani, siku ya ishirini na mbili. Mvua kubwa kuliko zote, ndoo imejaa mpaka ukingoni.

Nimemwita wifi stoo. Nikamweleza yote kwa kusimama: namba 1, sheria ya namba kubwa, 4,812, swali la ishirini na tatu. Nikamwambia mashine zake ni safi na macho yake ni mazima, na kila kasoro aliyoiona ilikuwepo kweli kwenye toleo lile bovu la mwezi uliopita.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Uliniona nikisafisha," akasema.

"Nilikuona."

"Mara tatu."

"Mara tatu."

"Ukaniambia nipumzike."

Akainama. Nikadhani analia. Akainua ndoo kwa mikono miwili akanimwagia maji yote kuanzia kifuani kwenda chini, taratibu, kama mtu anayemwagilia bustani. Kisha akairudisha ndoo mahali pake, chini ya tone.

"Kesho," akasema, "beba ukurasa wako. Mimi nitabeba daftari langu."

Ametoka na mwavuli. Nimerudi peke yangu na mvua, na kwa jinsi nilivyokuwa nimelowa tayari, haikuwa na cha kunilowesha.

Jumatano, 8 Mei

Ukumbi wa juu, wakurugenzi watano, viti vya mito. Manukato kavaa shati jipya. Akaanza na ile namba: siku ishirini na mbili za kijani. Makofi. Akafungua skrini ya majaribio, akaandika jina la mgonjwa wa kubuni, akasema, "Na sasa, lebo ya maandishi makubwa." Akasogeza mkono kwenda kwenye kitufe.

Hakikuwepo.

Akafunga skrini, akafungua. Akabonyeza mahali kilipostahili kuwa. Nilikuwa nimeazimia kusimama mara moja, lakini niandike ukweli: nilimwacha abonyeze mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili nilikuwa natafuta sauti. Ya tatu ilikuwa yangu binafsi.

Ndipo akageuka, akanyoosha shati. "Mtaniwia radhi. Kama mnavyojua, tumekuwa na tatizo la mtu kule chumba cha majaribio..."

"Tatizo ni mimi," nikasema.

Nimeshaandika hapa mambo niliyowaeleza. Nilimaliza kwa dakika sita. Nikasema mjaribu wenu ndiye mtu pekee katika jengo hili aliyekuwa anaona sawasawa, na mmempa barua kwa sababu hiyo. Nikasema mtambo mpya hauna ubaya, una hesabu tu. Mstari mmoja unatosha kuirekebisha. Nikasema niliulizwa nikadanganya, kwa makusudi, kwa kulipiza kisasi.

Mkurugenzi akavua miwani. Manukato alikuwa ameanza kutabasamu upya, maana mtu wa kubebeshwa alikuwa amejileta mwenyewe. Mkurugenzi akaniuliza, bila kujua anauliza nini, "Kuna kingine?"

"Kipo," nikasema.

Nikakunjua ukurasa. Wifi akasimama upande wa pili wa ukumbi, daftari mkononi. Mimi nikasoma saa, tarehe na kompyuta. Yeye akasoma nani alikuwa kwenye kiti. Tulisoma kwa zamu kama watoto wa darasa moja. Manukato akasema madaftari ya jikoni si ushahidi. Kimya, ambaye hajawahi kusema bila kuulizwa, akasema kutoka nyuma, "Kompyuta yako iliwekwa programu upya siku ile. Niliiweka mimi. Ulisema umeazima ya dada."

Manukato ameambiwa akae nje angoje. Alipopita karibu yangu sikusikia harufu yoyote, sijui ni yeye au ni pua yangu.

Nilifurahi. Sijatubu sehemu hiyo na sidhani kama nitatubu.

Barua ya wifi imechanwa, mkataba wake umehuishwa. Barua yangu ya mwaka jana imetolewa kwenye faili, na nyingine imeingia: nimeficha jambo kwenye makabidhiano, naondoka mwisho wa mwezi badala ya kustaafu Desemba. Hii nimeisoma mara moja tu. Ni yangu kweli.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua imekatika. Ndoo tupu.

Saa tatu na nusu nimekaa na Kimya, nikamwonyesha mahali pa kuandika namba. Akaandika mwenyewe: 4,813. Saa nne mtambo mpya ukaunga, ukaweka rafuni. Tukashuka chumba cha majaribio. Wifi alikuwa amesimama mbele ya mashine zake, mikono kiunoni. Hajaniamkia toka jana.

Mashine ya kwanza ikawaka nyekundu. Ya pili nyekundu. Zote sita.

Mwezi mzima wa kazi ya ghorofa ya pili ulikuwa haujajaribiwa na mtu. Wifi akaanza kusoma orodha ya makosa kwa sauti, na kwenye la nne akasimama. Lebo ya maandishi makubwa. Kilichotakiwa kuchapwa: nusu kidonge. Kilichochapwa: kidonge.

Neno "nusu" halikutosha kwenye mstari, programu ikaliacha. Hospitali kumi na nne. Tarehe 13, Jumatatu, siku nne kutoka leo. Kisasi changu nilikipimia kimo cha Manukato, nikaapa hakimgusi mgonjwa. Manukato angekuwa na homa jana, maonyesho yangeahirishwa, na toleo lingekwenda.

Wifi akaniangalia, akafungua ukurasa mpya wa daftari lake, akaandika saa.

"Makosa yapo arobaini na moja," akasema. "Lete kiti, wifi."

Nikaleta kiti.